Msiigeuze amplifaya nzima ya transista kuwa ya valvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nichangie makala iliyotoka hivi karibuni katika kurasa za burudani za gazeti lako, ile iliyowashauri wapiga gitaa wenye amplifaya za zamani za transista wazipeleke kwa fundi zikageuzwe kuwa za valvu, zile chupa za kioo za kukuza sauti ambazo wengine huziita tyubu. Mwandishi aliandika kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayajua, maana hata mimi sauti ya valvu huniingia moyoni. Lakini kazi yenyewe aliieleza kama kubadilisha vipuri: toa transista, weka valvu, jioni uko jukwaani. Kazi haiko hivyo hata kidogo. Tena hakutia neno hata moja kuhusu umeme unaokaa ndani ya amplifaya ya valvu, umeme ambao unaua mtu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Kazi nilifundishwa kwenye redio za valvu, zile za Philips na Grundig zenye jicho la kijani, na mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia mpangilio wa valvu zake: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80. Baadaye nikawa fundi mitambo kwenye bendi za dansi. Nikabeba vyombo, nikafunga, nikatengeneza, na zaidi ya yote nikasikiliza. Kwa hiyo anayeandika hapa si mtu anayezichukia valvu.

Siku chache baada ya makala ile kutoka, alinijia kijana mpiga solo, gazeti kalikunja mkononi, amplifaya yake kaileta kwa bajaji. Ilikuwa ya transista, ya miaka ya 1970, spika mbili za inchi 12, mbao nzito zilizovikwa ngozi bandia nyeusi. Baada ya kunipa shikamoo akasema, "Mzee wangu, hii naomba uitoe vyote vya ndani unifungie tyubu." Nikamwomba kwanza niisikie. Ilikuwa inalia, ila ilikwaruza kila ukigusa voliumu, ilikuwa na mvumo wa chini usiokatika, na ikishapata moto sauti inalegea.

Nikaifungua mbele yake. Voliumu zilikuwa zimeliwa na chumvi, jambo la kawaida kwa chombo kilichokaa Pwani miaka yote hiyo. Kapasita mbili kubwa za kuchuja umeme zilikuwa zimekauka, moja imevimba kichwani. Tundu la kuchomekea gitaa lilikuwa limeachia lehemu yake. Transista za nguvu, 2N3055, zilikuwa nzima, zile zile zilizotoka nazo kiwandani, na siku hizi hizo ni lulu, kwa sababu nyingi zinazouzwa madukani kwa jina hilo ni feki: ukiifumua kofia yake ya chuma unakuta ndani kijipande kidogo ambacho hakiwezi kubeba hata nusu ya mzigo ulioandikwa. Nikasafisha, nikabadilisha kapasita zote za elektroliti, nikalehemu upya, nikapima volti kwenye nyaya za spika gitaa likiwa halijachomekwa, nikasoma milivolti chache tu, kama inavyotakiwa. Kijana akachomeka gitaa lake akapiga pale pale barazani mpaka majirani wakatoka. Amplifaya ile leo inafanya kazi kila mwisho wa wiki, na transista zake zimo ndani.

Namleta kijana huyu kwa sababu nyingi ya hizo amplifaya zinazosemwa zina sauti mbaya ya transista, ubaya wake ni wa chombo ambacho hakijafunguliwa na fundi kwa miaka 40 au 50. Amplifaya ya valvu iliyotelekezwa muda huo huo italia vibaya vile vile, na huenda isilie kabisa.

Sasa nieleze kwa nini kugeuza ni kazi nyingine kabisa. Transista za nguvu hutumia volti ndogo na mkondo mkubwa. Amplifaya ya wati 100 ya zama zile huwa na volti kama 40 upande wa chanya na 40 upande wa hasi, na transista huisukuma spika moja kwa moja. Valvu ni kinyume chake. EL84, ambayo ni ndogo kabisa miongoni mwa valvu za nguvu zinazopendwa na wapiga gitaa, inataka volti 250 hadi 300 ndipo ifanye kazi ya maana, na mkondo unaopita ndani yake ni kiasi cha miliampea 40. Mkondo huo hauwezi kuitikisa spika ya omu 8. Lazima pawepo transfoma ya sauti katikati, ipokee volti nyingi zenye mkondo mdogo na kutoa volti chache zenye mkondo mkubwa. Kwa EL84 mbili zinazosukuma kwa zamu, valvu zinatakiwa zione omu 8,000 pale spika ya omu 8 inapofungwa upande wa pili, na hesabu yake inatoka hivi: mizunguko ya waya upande wa valvu iwe karibu mara 32 ya ile ya upande wa spika. Juu ya hayo, kila valvu ina uzi wa kuipasha joto unaotaka volti 6.3. EL84 moja hula ampea 0.76, ECC83 moja, ile valvu ndogo ya kukuza sauti ya gitaa mwanzoni, ampea 0.3.

Transfoma ya umeme iliyomo kwenye amplifaya ya transista haina zile volti 300 wala hizi 6.3. Transfoma ya sauti haimo kabisa. Bodi haifai, mabati ya kupoozea hayana kazi tena. Kinachobaki ni sanduku, mpini, swichi na, ukibahatika, spika. Aliyefika hapo amejenga amplifaya mpya, na ile ya zamani ameiua ili apate sanduku lake.

Kwenye hizo volti 300 ndipo ninapoomba mafundi vijana wanisikilize kwa makini. Fundi aliyekulia kwenye transista ana mazoea ya kupeleka vidole ndani ya chombo kikiwa kinawaka. Volti zile hazijamfanya kitu, naye hana sababu ya kuziogopa. Mazoea hayo akiyaleta kwenye valvu atakufa. Na kuchomoa plagi hakutoshi, kwa sababu kapasita za kuchuja hubaki zimeshiba umeme. Mimi hufunga rezista ya kiloomu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita hizo, daima, hata kama mchoro hauionyeshi. Kama kapasita kwa jumla ni maikrofaradi 100 na umeme ulikuwa volti 325, baada ya dakika moja zitakuwa zimebaki volti kama 20. Hata hivyo bado napima kwa mita kabla sijagusa, mkono mmoja ukiwa kazini na mwingine nyuma ya mgongo, kwa sababu rezista nayo huweza kukatika, na umeme unaoingia mkono mmoja na kutokea mwingine hupitia kifuani.

Nimewahi kuletewa amplifaya iliyogeuzwa ambayo fundi wake alikwepa gharama ya transfoma. Alichukua volti 230 za ukutani, akazipitisha kwenye dayodi nne na kapasita, akapata volti zake 325. Kihesabu yuko sahihi: 230 mara 1.414. Lakini chasisi ya chuma, yaani fremu inayobeba vifaa vyote, alikuwa ameiunganisha na umeme wa ukutani wenyewe, na chasisi ya amplifaya ya gitaa inaungana na ngao ya waya wa gitaa, ngao inaungana na daraja la gitaa, na daraja linashika nyuzi za chuma. Mpigaji ana nyuzi hizo mkononi, na midomo iko kwenye maikrofoni ya mitambo mingine. Sikuiwasha. Nilikata waya wake wa umeme mbele ya mwenyewe, akakasirika, tukazungumza mpaka akaelewa. Msomaji yeyote aliye na amplifaya iliyogeuzwa mtaani, aiulizie jambo hili leo: je, ina transfoma inayotenganisha umeme wa ukutani na chasisi? Kama fundi hana jibu la moja kwa moja, isichomekwe tena.

Kuna na hili la spika, ambalo wanamuziki wenyewe wanapaswa kulijua kwa sababu linatokea jukwaani fundi akiwa hayupo. Amplifaya ya transista ukiichomoa spika ikiwa inawaka haidhuriki. Kinachoiua ni nyaya za spika kugusana. Ya valvu ni kinyume. Ukipiga gitaa spika ikiwa imechomoka, volti ndani ya transfoma ya sauti zinapaa mpaka zinaruka cheche kwenye soketi ya valvu au zinatoboa varnishi ya waya ndani ya transfoma, na transfoma ndiyo spea ya gharama kuliko zote humo ndani. Bendi nzima imezoea tabia za transista: mapumziko yakifika mtu anachomoa spika aipeleke kwingine. Kwenye valvu tabia hiyo haifai kabisa.

Pamoja na yote hayo, wapo waliokuja na amplifaya ambayo kweli haikuwa na njia nyingine, nikawafanyia. Nieleze mmoja, ili ionekane kazi ilivyo.

Kilikuwa kichwa, yaani amplifaya isiyo na spika ndani yake, cha HH IC100, cha Uingereza, kile ambacho paneli yake ya mbele ikiwaka inatoa mwanga wa kijani. Waliowahi kumwona Wilko Johnson wa bendi ya Dr Feelgood akipiga gitaa watakijua kwa sura, na wakumbuke kwamba ile sauti kali inayokatakata ilitoka kwenye transista. Hiki kilikuwa kimekaa kwenye stoo ya ukumbi, paa likavuja juu yake misimu ya mvua. Bodi ilikuwa imeoza, njia zake za shaba zimeliwa mpaka ukizigusa zinabanduka, na transfoma ya umeme ilikuwa imeungua. Mwenyewe, mpiga rithimu mstaafu, hakutaka kusikia habari ya kukitupa. Hapo hapakuwa na kitu kizima cha kuharibu, nikakubali.

Transfoma ya umeme niliagiza kwa fundi wa kusuka mota mtaani kwetu: volti 230 kuingia, volti 230 kutoka kwenye koili nyingine isiyogusana na ya kwanza, na koili ya tatu ya volti 6.3 yenye uwezo wa ampea 3, maana valvu zangu, EL84 mbili na ECC83 tatu, kwa jumla hunywa ampea 2.4 kwa kupashwa joto tu. Mafundi hawa wa kusuka mota ni hazina, na ukiwapa vipimo sahihi watakutengenezea transfoma ya umeme isiyo na kasoro. Ya sauti sikuthubutu kumpa, kwa sababu koili zake husukwa kwa matabaka yanayopishana, na ukikosea hapo sauti za juu zinapotea. Niliitoa kwenye redio kubwa ya sahani iliyokufa ambayo ilitumia EL84 mbili. Kabla ya kuiamini nilipitisha volti 6.3 upande wa spika na kusoma upande wa valvu. Mita ikaonyesha karibu 200. Gawanya 200 kwa 6.3 utapata mara 32, kile kile ninachokihitaji. (Na anayetaka kurudia kipimo hiki azingatie kwamba ameingiza volti 6 za kuchezea na zimetoka 200 za kuua.)

Kisha ikaja hatua ambayo naipenda kuliko zote. Transfoma mbili zikikaa vibaya, ya umeme huimbia ya sauti, na mvumo huo utausikia kwenye spika milele, hakuna kapasita itakayouondoa. Kwa hiyo kabla ya kutoboa tundu hata moja, nilifunga ya umeme mahali pake kwenye chasisi tupu, nikaiwasha peke yake. Ile ya sauti nikaiunganisha na hedfoni, upande wa spika, nikaivaa hedfoni kichwani na kuishika transfoma mkononi. Ukiisogeza karibu unasikia mvumo unapanda. Ukiigeuza polepole mvumo unapungua, unapungua, unafika mahali unatoweka kabisa, na ukizidisha kuigeuza kidogo tu unarudi. Mahali pale pa ukimya nikapiga alama kwa penseli, ndipo nikatoboa. Iko upande, haifuatani na ukingo wa chasisi, na kila fundi anayekifungua huuliza kwa nini nimeifunga kombo.

Soketi za valvu hizi zenye miguu 9 zinataka matundu ya milimita 22, na chasisi ya bati jembamba hupinda ukiitoboa kwa haraka, hivyo niliitegemeza kwa ubao chini yake. Nyaya za kupasha joto nilizisokota mbili mbili, nikazipitisha pembeni kabisa, mbali na waya wa gitaa. Sanduku la kichwa kile lilijengwa kwa ajili ya transista ambazo zikiwa kimya hazitoi joto la kutisha, lakini valvu hupika muda wote hata usipopiga noti moja, kwa hiyo bati la nyuma nililikata nafasi za kupitisha hewa na kuzifunika kwa wavu wa chuma ili kidole kisiingie.

Kuwasha mara ya kwanza sikuchomeka moja kwa moja. Nilifunga balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo na waya wa umeme, kama tulivyofundishwa na wazee. Kama kuna shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na amplifaya inasalimika. Balbu iliwaka vizuri kwa sababu nyuzi za valvu zikiwa baridi huvuta mkondo mwingi, kisha ikaanza kufifia kadiri zilivyopata moto, nikajua tuko salama. Nikaitoa balbu, nikapima kwenye rezista ya omu 130 inayobeba mkondo wa EL84 zote mbili, nikasoma volti 10 na pointi chache. Hiyo ni miliampea 80 kwa jumla, sawasawa na karatasi za kiwanda zinavyoelekeza, na kwa vipimo hivyo zinatoa wati 17.

Yule mzee alipopiga rithimu yake kwa utaratibu, ilitoka safi na ya duara. Alipoongeza nguvu ya mkono, sauti ikaanza kukoza yenyewe, bila kukwaruza, noti ikibaki noti. Hiyo ndiyo raha ya valvu na sitaificha. Kilele cha sauti kinapofika mwisho wa uwezo wake, valvu hukizungusha taratibu; transista iliyofungwa kwa njia ya kawaida hukaa safi mpaka ukomo wake, kisha hukikata mara moja. Tena transfoma ya sauti huiachia spika nafasi ya kucheza kwa tabia yake yenyewe, besi ya chini ikijaa na sauti za juu zikipanda kidogo. Mpigaji huyasikia hayo vidoleni kabla ya sikioni.

Lakini turudi kwenye muziki wetu, maana hapo makala yako ilipotea njia. Gitaa la dansi, la Pwani hii ya bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na la jirani zetu wa Kongo, ni gitaa safi. Solo, rithimu na besi kila moja lina njia yake, na msikilizaji anatakiwa azifuate zote kwa pamoja bila moja kulifunika jingine. Mpiga solo wa dansi hatafuti sauti inayokoza. Anatafuta sauti inayong'ara, yenye mwangwi kidogo, ambayo itafika nyuma ya uwanja ikiwa bado safi. Hiyo ndiyo kazi ambayo transista nzuri inaiweza kuliko kitu chochote. Amplifaya ya Roland JC-120 ilitoka mwaka 1975, ni ya transista tangu siku hiyo, wati 120 kwenye spika mbili za inchi 12, na mpaka leo wapiga gitaa duniani kote wanaiandika kwenye orodha ya vyombo wanavyotaka kuvikuta jukwaani. Hakuna anayefikiria kuitia valvu.

Na wati si jambo la kupuuza. Ukitoka wati 100 ukaenda 17, zimepungua karibu mara sita. Sikio halipimi hivyo, kwa sikio sauti imeshuka kama kwa nusu, lakini nusu hiyo ni kubwa kwa bendi inayopiga nje. Ili asikike juu ya ngoma na tarumbeta, mpigaji atafungua voliumu yote, na amplifaya ndogo ya valvu ikifunguliwa yote haiwi safi tena. Atakuwa amelipa pesa nyingi kuikosa sauti ile ile ambayo wimbo unaihitaji. Anayetaka wati 100 za valvu na ajiandae kwa valvu kubwa nne za EL34, volti zaidi ya 400, na transfoma ambazo zitamuumiza mgongo kila safari.

Nakubali kwamba si transista zote za zamani zilikuwa nzuri. Za mwanzo kabisa ziliharibu jina. Hata kampuni ya Fender ya Marekani walipotoa zao mwaka 1966, wapiga gitaa hawakuzipokea, na baada ya miaka michache zikaachwa. Lakini za katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea, zile ambazo vijana wanazikuta kwenye stoo za kumbi, za mashirika na za shule, nyingi ni vyombo imara. Zimehimili umeme wetu unaopanda na kushuka, vumbi la safari na chumvi ya bahari. Valvu haisamehe hivyo: umeme wa ukutani ukipanda kutoka 230 hadi 250, zile volti 325 ndani zinafika 353, na EL84 hazipendi kuishi huko.

Tena valvu zenyewe tutazitoa wapi? Viwanda vilivyobaki duniani vinahesabika, vingi viko Slovakia, Urusi na China. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia kwa muda kuuza nje bidhaa kadhaa, valvu zikiwemo, bei zilipanda kila mahali. Mimi huishi kwa akiba niliyoitoa kwenye redio zilizokufa, na akiba hiyo inaisha. Mpigaji wa Tanga au Lindi ambaye EL84 yake itakufa Ijumaa jioni, Jumamosi hatapanda jukwaani. Transista ya kubadilisha ataipata, akiwa na fundi anayejua kuitambua feki.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Kwenye kurasa hizo hizo za burudani, chapisha maelezo ya usalama kwa wenye amplifaya za valvu, yaandikwe na fundi, kuhusu transfoma ya kutenganisha umeme, kuhusu kapasita zilizoshiba na kuhusu spika iliyochomoka. Mafundi wenzangu nawaomba msivunje chombo kinacholia. Kikiletwa, kwanza kapasita, kwanza voliumu, kwanza lehemu, mteja asikie, ndipo aseme kama bado anataka valvu. Akiendelea kutaka na ana uwezo, mjengee amplifaya yake ya valvu kwenye chasisi mpya, ya transista abaki nayo. Atazitumia zote mbili.

Kutoka kwenye kile kichwa cha HH, transista za nguvu zilipona, na mabati yake ya kupoozea, na voliumu ambazo nimezisafisha. Nimezihifadhi. Bendi au mpigaji mwenye HH ya aina hiyo inayohitaji spea aje na vipimo vyake hapa Ngamiani aulizie kwa mafundi redio, watamwelekeza. Sitamtoza kitu.

Wako msomaji,
Fundi redio,
Ngamiani, Tanga